Pampu ya maji ya Toyota: igeuze nyuma kwanza, bei baadaye

Malalamiko ya wasomaji kuhusu gari kuchemsha yanafanana mpaka naweza kuyamalizia kabla sijafika mwisho. Pampu mpya, rejeta imezibuliwa, thamostati (mlango unaofunguka maji yakipata moto) imebadilishwa au (hapa ndipo naumia) imetolewa kabisa, na bado mshale wa joto unapanda gari likianza tu kuupanda mlima wa Kitonga. Fundi anasema sasa tufungue silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Asifungue kwanza. Hiyo pampu mpya, kabla haijafungwa, nani aliigeuza akaitazama nyuma?

Hakuna. Nenda Gerezani pale Kariakoo uangalie watu wanavyonunua: mteja anazungusha puli kusikiliza beringi, anasoma boksi, anatoa hela. Beringi ikiwa mpya itazunguka vizuri hata kwenye takataka. Kinachosukuma maji ni impela, yale mapanga ya upande wa pili yanayoingia ndani ya injini, na huko ndiko watengeneza kopi wanakobania gharama kwa sababu hakuna anayetazama huko.

Mapanga hayo yanatakiwa yapite karibu sana na ukuta wa chumba chake. Yakiwa mafupi, au yakigongewa kwenye shafti bila kufika mahali pake, maji yanabaki kukorogeka palepale badala ya kwenda mbele. Milimita chache tu zinatosha. Usiku, barabara tambarare, uko peke yako, hutajua lolote. Pakia watu, washa AC, ukutane na mlima, ndipo pampu itakapokuonyesha rangi yake. (Kama gari linachemsha kwenye foleni tu na likiondoka linapoa, anza na feni, pampu iache.)

Kwa hiyo pampu ya zamani usimwachie fundi aipeleke kwa wa skrepa. Nenda nayo dukani. Laza rula kwenye uso unaokaa gasket, pima mapanga yanatokeza kiasi gani, yahesabu, linganisha na mpya. Kisha shika puli kwa mkono mmoja na impela kwa mwingine, uzizungushe kwa nguvu kila moja upande wake. Zikicheza hata kidogo, rudisha kaunta. Volkswagen za zamani zenye impela ya plastiki zilijulikana kwa ugonjwa huo: puli inazunguka, mapanga yamesimama, na nje hakuna hata tone linalovuja. Na msidanganywe kwamba impela ya bati ni ya kopi. Pampu nyingi nzuri zina bati. Tazameni kimo na ukazaji.

Sasa orodha yangu, na upendeleo siufichi. Namba moja ni Aisin. Ni kampuni ya Kariya, Japani, ndani ya kundi la Toyota, na ndiyo inayoitengenezea Toyota pampu nyingi. Kwa Vitz, IST, Probox na ndugu zao wote wa injini ya 1NZ, sina haja ya kutafuta zaidi. Jenuini ya Toyota naiweka ya pili, si kwa ubora bali kwa sababu mara nyingi unalipia boksi, na ndani unakutana na Aisin yuleyule. Ya tatu ni GMB, nayo ni ya Kijapani, na siioni aibu kuifunga kwenye gari la kazi.

Pampu used kutoka Japani zina wapenzi wao, mimi simo. Sili (kizuia maji kuvuja) ya pampu iliyokaa kavu kwenye kontena hukakamaa, halafu hujui imeshatembea kilomita ngapi. Zile za boksi jeupe lisilo na jina: hapana.

Wenye injini za 5A na 7A, pampu yenu inaendeshwa na belti ya nje, si timing belt, ila imekaa jirani nayo. Mkifungua timing belt kwenye kilomita 100,000, badilisheni na pampu hapohapo, kwani sehemu kubwa ya kazi ya kufungua ni ileile, na mkiiacha fundi atawatoza mara mbili bila huruma.

Pampu nzuri nayo inauawa na maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na tunayamimina hayohayo kwenye rejeta. Yanakula mapanga na kuisaga sili. Kulanti (maji maalumu ya rejeta) ya pinki ya Toyota kiwandani imepangiwa kilomita 160,000 za kwanza, kisha kila 80,000. Ukiona utando wa pinki au mweupe kwenye kitundu kidogo chini ya pampu, sili imeshaanza kuondoka. Kitundu hicho kimewekwa makusudi ili maji yatoke nje yasiingie kwenye beringi. Kuna mafundi wanakiziba kwa silikoni na kudai wamekukomeshea uvujaji! Wiki si nyingi beringi inalia.

Na hawa kaka zetu wa kaunta. Ukiuliza bei, wanakuuliza kwanza, "Dada, gari lako au la ofisi?" Jibu lako ndilo linalopanga bei. Boksi limeandikwa Aisin, ukisema lifunguliwe linaonekana limeshafungwa upya kwa selotepu, na ndani kuna chuma ambacho hakina chapa yoyote. Ukilalamika, ni "hiyo OG ya Dubai, sista." Ukiomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei inapanda papo hapo, kana kwamba kodi ni huduma ya ziada uliyoiagiza wewe. Na risiti yenyewe ikitoka, chini imeshapigwa mhuri: mali ikiuzwa hairudishwi. Mimi siku hizi naomba waandike kwa mkono jina la pampu na namba yake kabla sijalipa. Wengi wanakataa, na hao nawaachia pampu yao hapohapo kaunta.