Flashi ya Ngoma za Komoro: Nimeisikiliza Yote

Assalamu alaikum watazamaji wangu. Mkisikia punda analia msinikasirikie, nimekaa barazani hapa Langoni, Lamu, na njia hii ni yake kuliko yangu.

Leo mkononi nina hii flashi. Niliinunua shilingi 700 siku za Maulidi, kwa kijana aliyetandika mkeka karibu na msikiti wa Riyadha. Akanambia, "Ngoma za asili za Komoro, humu hamna kinanda cha umeme." Neno hilo la kinanda ndilo lililonitoa pesa.

Mna vipande 31. Nilipoichomeka nikakuta 001, 002, 003, hivyo hivyo mpaka mwisho. Jina la mpigaji hakuna, kisiwa hakuna, ngoma gani hakuna. Hapo nakata alama, tena nyingi. Komoro ni nchi ndogo, sawa, lakini ni Ngazija, ni Nzwani, ni Mwali; na Maore ambayo 1975, wenzake walipochukua uhuru, ilibaki kwa Wafaransa. Kila kisiwa kina lafudhi yake na goma lake. Kuvichanganya bila maelezo ni kama utie goma la Lamu na sengenya ya Wadigo gunia moja, uandike "Kenya".

Sasa njooni kwenye utamu. Kipande cha nne, gabusi, ala ya nyuzi. Sisi twasema gambusi, na wazee wa hapa watakutajia kibangala. Ni ukoo mmoja, asili yake Yemeni. Tumbo na shingo ni gogo moja limechongwa, na tumboni pamewambwa ngozi ya mbuzi. Nyuzi siku hizi ni mshipi ule ule wa kuvulia samaki. Masikio yetu hapa yamelelewa na udi wa Zein l'Abdin, yule mwimbaji wetu wa taarabu, na udi uso wake ni mbao: ukigusa uzi, sauti yajaa, yakaa, yaondoka polepole. Ngozi haina subira hiyo. Ukigusa, "ta!", imeshakwisha. Kwa hivyo mpiga gabusi hapumziki, akiachia kidogo tu nyimbo imekufa mkononi. Sikilizeni kipande hiki kwa vipokea sauti vya masikioni mtasikia hata kucha zikikwaruza ngozi. Mimi nimekirudia, wallahi, sijui mara ngapi.

Dzendze nayo imo, vipande vitatu. Jina mwalisikia? Zeze. Ila hii ya sanduku ni kisanduku kirefu cha mbao chenye nyuzi pande mbili, kila mkono una upande wake, kama ala ya marovany ya Bukini, yaani Madagaska. Bahati mbaya aliyerekodi ametoa sauti ile ile masikio yote mawili, hivyo ile raha ya kusikia mikono miwili ikijibizana imepotea. Ndzumara, ndugu ya zumari yetu, imewekewa maikrofoni mdomoni kabisa. Yapasuka. Nimeiruka.

Kipande cha 17 kina kisa. Nilikicheza jikoni bila kusema kitu, na shangazi yangu anakuna nazi. Akasimamisha mbuzi, akasikiliza, akauliza, "Hao wanawake watwanga nini usiku huu?" Nikacheka, maana alikuwa amepatia! Ni wadaha, ngoma ya wanawake wa Nzwani: kinu katikati, wanazunguka wakiimba, na mchi ndio ngoma yenyewe. Tu, tu, tu, na kati ya tu na tu wasikia miguu mchangani. Shangazi akasema mmoja wao anachelewesha mchi. Nikarudisha nyuma, kweli, yuko mmoja anachelewa. Mimi mchambuzi wa kamera mbili sikuwa nimemsikia.

Na mwisho mna vipande vya tari, vile vingoma vya kushika mkononi. Hapo mtu wa Amu, yaani Lamu, hahitaji mkalimani. Habib Swaleh mwenyewe, mwanzilishi wa Riyadha, alizaliwa Ngazija, na matari yalipoingia Maulidini wapo wakubwa wa mji ambao hawakupenda. Leo Maulidi bila tari utayaita nini?

Haya, ununue au usinunue? Kwa 700, nunua, lakini usicheze kwa spika ya simu. Tafuta vipokea sauti au ile redio kubwa ya baba. Kipande cha 12 na cha 20 ni kimoja, mjue. Na cha 31, ndugu zangu, ni kinanda kitupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kijana nikikuona Maulidi ijayo, nitadai shilingi zangu ishirini na kitu za kipande hicho.

Jambo moja kabla sijazima. Kama nyumbani kwenu kuna kibangala cha babu kimetundikwa ukutani, hata kama ngozi imetoboka, niandikieni hapo chini. Nitakuja mwenyewe na kamera. Nataka nikipige sambamba na kile kipande cha nne, shangazi asikilize atuambie.