Eunos Roadster (Mazda MX-5 ya kwanza): uzoefu wangu wa kuitunza na kuitengeneza nyumbani

Nianze na hukumu. Katika magari ya wazi ya zamani, sijaona lililo rahisi kufanyia kazi uani kuliko Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ile yenye taa za kuchomoza iliyotengenezwa kuanzia 1989 hadi 1997, ambayo Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Injini mbele, nguvu nyuma, usukani kulia kwa zile za Japani, na ukifungua boneti kila kitu unakiona na mkono unafika. Injini ni ya lita 1.6, na kuanzia 1993 ikaja ya lita 1.8. Ukoo huohuo wa injini ulifungwa kwenye Mazda Familia, kwa hiyo plagi na filta si vitu vya kukutoa jasho.

Ila wanaolinunua hukagua injini na kusahau bodi, wakati injini inavumilia mengi na bodi haivumilii. Gari hili linauawa na maji na jeki. Nitaanza na hayo.

Paa ni la vinaili, linafunguliwa kwa mkono, na kioo cha nyuma ni cha plastiki kilichoshonewa zipu. Kabla ya kuachia zile ndoano mbili za juu ya kioo cha mbele, fungua zipu na ulaze plastiki chali, bapa kabisa. Asiyefanya hivyo anaikunja plastiki katikati kila siku, na mkunjo ule ule ndio unaopasuka. Usilifunge paa likiwa na vumbi, maana mchanga unaoachwa katikati ya mikunjo unakwangua plastiki mpaka inakuwa kama moshi. Futa kwanza kwa maji mengi na kitambaa laini. Dawa za kusafishia vioo zenye amonia zinaifubaza plastiki. Tumia sabuni ya kawaida, kisha dawa ya kung'arisha plastiki. Taulo jepesi juu ya plastiki kabla ya kukunja si ushamba. Kwa jua la pwani, mimi naliona ni lazima.

Sasa maji. Chini ya paa, nyuma ya viti, kuna mfereji wa plastiki unaopokea maji yanayopenya kwenye ukingo wa turubai. Unayapeleka pande zote mbili, kwenye tundu lililo karibu na mnara wa mkanda wa kiti, kisha yanashuka ndani ya bodi na kutokea chini, mbele ya gurudumu la nyuma. Majani makavu, vumbi na nyuzi za paa zikiziba tundu hilo, maji yanakosa njia. Yanajaa kwenye kizingiti cha chini ya mlango, yanalala humo, na kutu inaanza kula kwa ndani. Ukija kuona rangi imevimba mbele ya tairi la nyuma, bati la ndani lilishakwisha zamani. Kwa hiyo rangi mpya eneo hilo ni dalili mbaya kuliko rangi chakavu. Gonga kwa kidole, halafu pitisha sumaku: isiposhika, umegusa puti.

Kipimo ni rahisi. Chukua lita moja ya maji, mimina polepole kwenye kona ya chini ya paa, upande mmoja, huku mwenzako ameinama kuangalia chini ya gari. Maji yatoke mara moja, mengi. Yakidondoka tone tone, pameziba. Zibua kwa uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia nyasi, ukiwa umeuyeyusha ncha iwe ya duara. Usitumie waya wala upepo wa kompresa: bomba la ndani ni plastiki ya zamani, likichomoka kwenye kiungo chake maji yatamwagika ndani ya kizingiti daima na hutaliona. Fanya hivyo kabla ya masika na kabla ya vuli, na kila unapoegesha chini ya mwembe mara kwa mara.

Maji yakiingilia juu, kwenye kona ya kioo cha mlango, usikimbilie kununua mpira mpya. Ndoano za paa zina uzi wa kukaza: zungusha kidogo, pande zote sawa, ujaribu tena.

Paa jipya unaweza kulifunga mwenyewe ukiwa na msaidizi na siku nzima. Fremu haibadilishwi. Nyuma ya viti kuna mabati membamba yanayobana ukingo wa paa, yamefungwa kwa nati za spana ya 10; yatoe, kisha toboa ribiti zinazoshikilia turubai kwenye fremu. Mfereji wa maji ukiwa mkavu na mgumu, ununue mpya pamoja na paa, kwa sababu ukiupinda ule wa zamani utavunjika mikononi. Paa jipya litandaze juani kwa saa moja kabla ya kulivuta. Vinaili baridi haivutiki, na utadhani wamekutumia dogo. Ukishamaliza liache limefungwa siku kadhaa lijizoeze.

Betri iko kwenye buti, upande wa kulia. Iliyotoka kiwandani ni ndogo, iliyozibwa, yenye mipira ya kutolea hewa nje ya gari. Fundi umeme akikuwekea betri ya kawaida ya maji bila mipira hiyo, mvuke wa asidi unabaki ndani ya buti na kula bati la sakafu. Inua kapeti uangalie. Ukiona unga mweupe au kutu chini ya betri, osha kwa magadi ya soda na maji, kausha, piga rangi, kisha tafuta betri iliyozibwa au urudishe mipira.

Na jeki. Chini ya sakafu kuna reli mbili za bati jembamba zinazokwenda mbele hadi nyuma. Zinafanana na mahali pa kuinulia, na karibu kila gari lililopita gereji nyingi limebondeka hapo. Sehemu halali ni ukingo uliokunjwa chini ya kizingiti, kwenye alama zake, au mhimili wa chuma wa mbele, au difu kwa nyuma. Ukimpelekea mtu gari, mwonyeshe kwa kidole kabla hajasukuma jeki. Kumwambia tu hakutoshi.

Injini ya 1.6 inachukua oili takribani lita 3.6 pamoja na filta, ya 1.8 karibu lita 4. Filta imefichwa chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, na njia nzuri ni kutokea chini, upande wa gurudumu la mbele la kulia. Mlio wa tapeti, tik-tik-tik injini ikiwa baridi au baada ya kukaa, ni wa kawaida: tapeti ni za kujazwa oili, na oili chafu inazichelewesha. Badilisha oili, endesha vizuri, mara nyingi unapungua. Haustahili kufunguliwa silinda hedi.

Oili ikidondoka katikati ya injini na giaboksi, utaambiwa oili sili ya nyuma ya krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) imekufa, giaboksi ishushwe. Kataa kwanza. Nyuma ya silinda hedi, karibu na ukuta wa kabini, kuna sensa ya kamshafti iliyofungwa kwa bolti moja ya spana ya 12, na ndani yake kuna oringi inayokauka. Oili inashuka kwa nyuma na kudondokea palepale. Chora alama ya rangi kati ya sensa na hedi, chomoa waya, fungua bolti, vuta. Badilisha oringi, ipake oili, rudisha kwenye alama. Ncha zake hazikukaa katikati, kwa hiyo zisipoingia zungusha taratibu, usilazimishe. Sensa hiyo ndiyo inayopanga moto wa plagi, basi maliza kwa taa ya taimingi: injini ya moto, waya mfupi kati ya matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwenye kisanduku cha majaribio, mizunguko karibu 850 kwa dakika, nyuzi 10. Ondoa waya ukishakaza bolti.

Mkanda wa taimingi ni wa kila kilomita 100,000, na gari lisilo na kumbukumbu lihesabu kuwa umekwisha. Habari njema ni kwamba kwenye injini hizi ukikatika, valvu hazigongi pistoni. Unasimama barabarani, lakini hedi inabaki nzima. Ukiwa umefungua, badilisha kwa pamoja pampu ya maji, puli za mkazo, na oili sili za kamshafti na ya mbele ya krenki. Puli za kamshafti zina alama I na E. Ukizilinganisha na alama za nyuma, kati ya I na E pawe na meno 19 ya mkanda. Yakiwa 18 au 20, hujakosea kuhesabu, umekosea kufunga. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, ukague tena kabla ya kurudisha kifuniko.

Hapohapo angalia krenki. Magari ya mwanzo, mpaka mwaka 1991, yana krenki yenye pua fupi, na puli yake ina nafasi nne zinazoonekana. Za baadaye zina nane. Ile fupi, bolti ikikazwa ovyo, kii (kipande cha chuma kinachoshikanisha puli na krenki) inacheza, inakula njia yake, taimingi inarudi nyuma na gari linakosa nguvu bila sababu ya kueleweka. Injini ikiwa inanguruma, tazama puli ya chini: ikiyumba, usinunue, au punguza bei kwa kiasi cha injini nzima. Bolti ya pua fupi inakazwa kwa spana ya toki, nyutoni mita 108 hadi 118. Za baadaye zinapita 150. Spana ya mpini mrefu na nguvu za mtu haziwezi kubahatisha hapa.

Rejeta ina tangi la juu la plastiki nyeusi. Likigeuka rangi ya kahawia au ya kaki, limechoka, na litapasuka siku ya foleni na joto. Usisubiri. Mfumo unachukua lita 6, nusu kulanti nusu maji yaliyokenekwa (distilled), si ya bomba. Themostati iache mahali pake. Najua mafundi wengi huku kwetu wanaitoa na kuitupa wakisema nchi ya joto haiihitaji. Matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama asubuhi, na mwenye gari analalamika linakunywa petroli.

Klachi ikizama mpaka sakafuni, tatizo mara nyingi ni silinda ya chini, ile ya ubavuni mwa giaboksi. Ni kuharibika kwa kawaida kabisa kwa gari hili. Vuta mpira wake wa vumbi: ukimwaga majimaji meusi, imekufa. Bolti mbili na bomba moja, kisha utoe hewa kwa mafuta ya breki ya DOT 4. Badilisha na ya juu kwa wakati mmoja, maana ya chini ikiwa mpya, presha inahamia kwenye mipira mizee ya juu. Oili ya giaboksi ni lita 2, 75W-90 ya daraja la GL-4. Fungua kwanza tundu la kujazia kabla ya kumwaga. Likigoma, angalau giaboksi yako bado ina oili.

Breki za nyuma ndizo zinazoharibiwa zaidi na watu wenye haraka. Pistoni haisukumwi kwa klampu, kwa sababu utaratibu wa breki ya mkono uko ndani ya kalipa. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya kufunika. Itoe, ndani utakuta tundu la spana L ya milimita 4. Zungusha kinyume na saa, pistoni inarudi. Weka pedi mpya, zungusha upande wa saa mpaka pedi ziguse diski, kisha rudisha theluthi moja ya mzunguko. Pini za kutelezea zisafishe na uzipake grisi ya breki. Kalipa iliyoganda upande mmoja inakula pedi ya ndani yote huku ya nje ikiwa nzima.

Tairi za kiwandani ni 185/60R14 na presha yake ni psi 26, mbele na nyuma. Fundi wa pancha atajaza 35 bila kukuuliza, halafu utasema gari linarukaruka na shokapu zimekufa. Punguza upepo kabla ya kununua shokapu.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vipuri vya bodi: kuzipata paneli za kizingiti, mpira wa milango na paa lenyewe Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) ni bahati, kwa hiyo unaagiza nje. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, basi huko unanunua lililokwishaingia. Tanzania linaingia, ila ushuru wa uchakavu uupige hesabu kabla ya kulipia gari. Ukiagiza, weka kwenye mzigo mmoja oringi ya sensa, silinda zote mbili za klachi, mkanda wa taimingi na sili zake, tangi au rejeta nzima, mfereji wa maji wa paa, na puli ya krenki kama gari ni la zile za mwanzo, mpaka 1991.