KA-BAR, kisu cha kivita cha Marekani: tathmini ya mtumiaji wa Kigoma

Visu vingi vya kijeshi vinavyosifiwa duniani vilibuniwa kwa tendo moja tu, nalo ni kumuua adui aliye karibu. Ndiyo maana ukivitoa vitani na kumpa mkulima au mvuvi, havimfai kitu. KA-BAR, kisu cha kikosi cha Marine cha Marekani, kina asili nyingine, na asili hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini bado kinatengenezwa na kununuliwa hadi leo. Nimekitumia hapa Kigoma tangu mvua zilipoanza hadi kiangazi, kwenye kuni, kamba, chikichi na samaki, na ninaandika kwa ajili ya wale wanaofikiria kutoa fedha zao kukinunua.

Katika Vita Kuu ya Kwanza, Marekani ilibuni kisu cha mahandaki cha mwaka 1918, chenye mpini wa shaba nyeusi uliotobolewa matundu ya kupitisha vidole, ili ngumi yenyewe iwe silaha. Kilikuwa kizito, kilimbana mshikaji mkono katika mkao mmoja, na bapa lake jembamba halikustahimili kazi za kawaida. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili, askari wengi wa Marine walijinunulia wenyewe visu vya wawindaji, kwa kuwa walijua kwamba siku nyingi za askari hupita katika kufungua makopo, kukata matawi, kuchimba na kupasua masanduku ya mbao, wala si katika mapambano ya ana kwa ana. Kampuni ya Union Cutlery ya mji wa Olean, jimbo la New York, ilishirikiana na maofisa wa ugavi wa kikosi hicho kuboresha kisu cha aina hiyohiyo ya kiwindaji, nacho kikakubaliwa rasmi Novemba 1942. Mzigo wa kwanza ulitolewa na kiwanda kingine, Camillus, Januari 1943. Baadaye viwanda vya Robeson na PAL navyo vilikitengeneza, na jeshi la majini la nchi hiyo likakichukua pia.

Kwa kulinganisha, Waingereza walikuwa na kisu cha makomando cha Fairbairn-Sykes, kilichobuniwa na William Fairbairn na Eric Sykes, waliowahi kutumikia katika polisi ya Shanghai, na kuanza kutengenezwa na kiwanda cha Wilkinson Sword mwaka 1941. Ni kisu kizuri kukitazama: chembamba, chenye makali pande zote mbili na ncha kali kama sindano. Lakini wembamba huohuo ulifanya ncha ivunjike kilipotumiwa kufungulia makopo au kubandulia kitu, na kwa kuwa kilikuwa na makali huku na huku, hapakuwa na mgongo wa kuweka kidole gumba wala wa kugongea kwa gogo. Mimi nakiheshimu kama silaha. Kama kifaa cha mtu anayeishi porini, sioni kazi yake.

Tazama sasa jinsi KA-BAR ilivyoundwa. Bapa lina urefu wa inchi 7, yaani sentimita 18 hivi, na kisu kizima ni sentimita 30. Mgongo una unene wa milimita 4 na ushei, na karibu na mwisho umekatwa kwa mkunjo hafifu, hivyo ncha inakuwa nyembamba kiasi cha kuchoma na kutoboa bila bapa zima kupoteza nguvu. Kila upande wa bapa una mfereji mpana. Watu wengi, hata wauzaji, husema kwamba mfereji huo ni wa kupitishia damu ili kisu kichomoke kwa urahisi mwilini, si kweli. Mfereji hupunguza uzito kwa kuondoa chuma pasipohitajika sana, huku mgongo na makali vikibaki na unene wake. Mafundi wa panga za vita walilijua jambo hilo karne nyingi kabla ya kiwanda cha Olean kuwapo.

Mpini ndio unaonivutia zaidi. Vipande vya ngozi vyenye umbo la pete hupangwa kimoja juu ya kingine kwenye mkia wa chuma unaotoka katika bapa, vikashindiliwa kwa nguvu, vikasuguliwa na kuchongwa vijistari kuzunguka mpini, kisha kitako cha chuma hufunga mwisho wake. Mbinu hiyo ilikwishatumika katika visu vya wawindaji wa Marekani, hasa vya kampuni ya Marble's, mwanzoni mwa karne ya 20. Ngozi haitelezi mkono ukiwa na jasho, haichomi kwa joto kama chuma kilichoachwa juani, na hupunguza mshtuko unapopiga. Nimepasulia kuni kwa kugonga mgongo wa kisu kwa kipande cha mti, na sikuona mpini ukilegea wala makali yakimeguka. Katika kukata kamba nene za nyavu na kupogoa makuti ya mchikichi kinafanya kazi nzuri, ingawa kwa kuangusha mkungu wenyewe wa chikichi panga la kawaida linakishinda waziwazi, kwa sababu ya uzito na urefu wake. Mbele ya mpini kuna kinga ya chuma inayozuia vidole visiteleze hadi kwenye makali, na katika kazi ya mvua kinga hiyo ina thamani kubwa.

Kwa samaki, sikipendekezi. Unene unaokisaidia katika mbao ndio unaokiharibia kazi hapa: mgebuka hupasuka badala ya kuchanwa vizuri, na kutenga mnofu wa kuhe na mfupa kunakuwa kazi ya kubahatisha. Kisu chembamba cha jikoni kutoka sokoni Kibirizi, kinachouzwa kwa shilingi chache, kinafanya vizuri zaidi.

Jambo lililo zito zaidi kwa mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ni kutu. KA-BAR imefuliwa kwa feleji yenye kaboni nyingi, karibu asilimia 1, iliyochanganywa na kromu na vanadi kidogo tu. Chuma hicho hupokea makali kwa haraka kwenye jiwe la kunolea na kuyatunza vizuri, lakini hakina kromu ya kutosha kukizuia kutu. Bapa limepakwa rangi nyeusi ya kinga, ila makali yenyewe yako wazi, na katika masika unyevu wa usiku mmoja unatosha kuyaotesha madoa mekundu. Wanaoishi hapa wana mfano mkubwa wa dawa yake. Mwaka 1916, Wajerumani walipoizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma ili isitekwe, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924 mitambo ikiwa bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kisu hakihitaji grisi ya kiasi hicho: futa, kausha, kisha paka mafuta ya cherehani kwa kitambaa kila baada ya kazi. Nisingeshauri kukinoa kwa tupa kama tunavyofanya kwa mapanga, kwa sababu inakula chuma kingi na kuacha makali yenye mikwaruzo.

Ala ya ngozi inayokuja nacho ni imara na imeshonwa vizuri, lakini ngozi hufyonza maji na kuyashikilia, kwa hiyo kisu kikikaa ndani yake msimu wa mvua huota kutu mahali usipopaona. Mpini wa ngozi nao unahitaji kupakwa nta mara kwa mara, la sivyo huvimba na kusinyaa.

Bei yake huko kinakotoka ni takriban dola 100, na usafirishaji pamoja na ushuru huongeza si haba. Ukisafiri nacho kwa ndege, kiwekwe katika mzigo unaokabidhiwa, na mjini kisitembezwe kiunoni. Kwa anayependa historia na yuko tayari kukitunza, achukue chenye mpini wa ngozi, maana ndicho kilichobuniwa mwaka 1942. Kwa anayefanya kazi majini au mashambani kila siku, kampuni inayotengeneza KA-BAR inauza pia aina yenye mpini wa mpira mgumu na ala ya plastiki, na hiyo ndiyo ambayo ningemnunulia mvuvi wa Katonga au mkulima wa Kasulu.