Akaunti ipi ya benki ina makato nafuu? Piga hesabu ya darasa la saba

Mwezi uliopita nilikaa na taarifa ya akaunti yangu na biki nyekundu, nikazungushia duara kila kato. Maduara sita, kila moja 1,500, yote ya kutoa hela ATM, na kila mara nilitoa elfu hamsini tu. Jumla 9,000. Na hiyo ndiyo akaunti niliyoifungua kwa sababu tangazo lilisema haina ada ya mwezi!

Ukiondoa majina matamu na rangi za kadi, akaunti nyingi utakazoonyeshwa zinaangukia kwenye aina tatu. Tuseme x ni idadi ya mara unazotoa hela kwa mwezi. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka za benki yako:

Bila ada ya mwezi: 1,500x
Ada ndogo: 3,000 + 750x
Kifurushi: 12,000, toa utakavyo

Namba moja kwangu ni ada ndogo. Iweke sawa na ile isiyo na ada: 1,500x = 3,000 + 750x. Hamisha, 750x = 3,000, x ni 4. Ukitoa mara nne zinalingana. Ukizidisha hapo, ada ndogo inashinda. Kwa mara zangu sita ningelipa 7,500.

Ya pili ni isiyo na ada ya mwezi, kwa anayetoa mara moja mbili na mengine akilipa kwa simu. Kifurushi nakiweka mwisho, ingawa ndicho utakachosifiwa zaidi pale dirishani. Kinaanza kuipita ada ndogo baada ya mara kumi na mbili. Mwenye duka anayetoa mara kumi na tano atalipa 12,000 badala ya 14,250, kwake kinafaa. Mwalimu au karani atoe hela mara kumi na tano, za nini?

Kabla ya kujaza fomu, soma maandishi madogo chini ya karatasi ya ada. Tanzania huduma za benki zinazotozwa ada zina VAT ya asilimia 18, na benki moja inaweza kuandika bei ikiwa na VAT ndani, nyingine ikaiacha nje. Kama ile 1,500 haina VAT, zidisha kwa 1.18, upate 1,770. Ukitoa mara tatu ni 5,310, wakati ada ndogo (ikiwa VAT imo) ni 5,250. Mshindi kashabadilika. ATM ya benki nyingine nayo huwa na bei yake, ihesabu peke yake. Kwa wakala makato huenda kwa viwango vya kiasi unachotoa, kwa hiyo hesabu hii ya x haimfai.

Mimi sijahama bado. Nimeanza kutoa laki moja mara tatu badala ya elfu hamsini mara sita, na 9,000 imekuwa 4,500, chini hata ya ada ndogo. Shida ni kwamba hela ikishaingia mfukoni huota mabawa. Nikirudia mara sita nitahama, ila kwanza niulize ada ya kufunga akaunti: ikiwa 10,000, nami naokoa 1,500 kwa mwezi, faida nitaiona mwezi wa saba.