Banda la Ami, Wete: mpira, kahawa na ubao wa makocha

Huku Wete, Pemba, kuna mabanda ya mpira mengi na karibu yote nimeshayakalia. Hili liko kwenye mteremko wa kwendea bandarini, nyuma ya duka la nyavu na mishipi. Halina kibao wala jina. Ukifika hapo uliza kwa Ami, hata mtoto mdogo atakushika mkono akupeleke. Ami si ndugu yangu wa damu, ila mtaa mzima ndivyo unavyomwita, na mie sijapata kumwita vyengine.

Naliandikia kwa sababu kila mchumo wa karafuu ukifika wanakuja vijana wa Unguja na wa Chake kufanya kazi huku, na swali lao la kwanza jioni ni wapi pa kuangalia mechi. Nawaambia nendeni kwa Ami. Na ukiwa unashabikia timu kubwa iliyoharibika, kama mie na Manchester United yangu, nakwambia nenda hata siku isiyo na mechi.

Kiingilio ni Sh 500, fainali Sh 1,000. Televisheni ziko mbili, kubwa mbele na ndogo pembeni kwa mechi nyengine. Mabenchi ni ya mbao za mnazi na hayana mgongo, kwa hivyo ukitaka kuegemea uwahi benchi la ukutani. Kahawa inatoka kwenye dele, chungu, moto khasa, na kashata ziko kwenye sahani yenye kifuniko. Muhogo wa kukaanga na pilipili ya ukwaju huletwa na mama mmoja jirani baada ya isha, na ukichelewa unakuta mafuta matupu kwenye karai. Sigara hazivutwi ndani. Matusi pia hapana, na hilo Ami halifanyii mzaha: nimeshamuona akimrejeshea mtu mia tano yake na kumuonesha mlango, Arsenal na Chelsea zikiwa uwanjani.

Mie hudarizi kofia za mkono, ndiyo kazi yangu, na kofia moja inanichukua wiki nyingi. Ami alipoona naangalia mpira huku nadunga sindano gizani, alinifungia taa ndogo juu ya kiti changu cha pembeni. Sikumuomba. Tangu siku hiyo sijaenda banda jengine.

Lakini kinacholifanya banda hili liwe peke yake ni ubao. Ni ubao mweusi wa skuli, ulivunjika pembe, Ami akautia mbao mpya akautundika ukutani kwa mkono wa kushoto. Kaugawa kwa chaki mistari na safu. Juu kabisa imeandikwa Ferguson, kocha mkongwe wa United: kaja Novemba 1986, kombe la kwanza 1990, ligi ya kwanza 1993, kaondoka 2013. Chini yake wanafuatana makocha waliokuja baadaye, na mbele ya kila jina kuna safu nne: alichokikuta, alichoombwa, alichopewa, alichokiacha.

Soma mstari wa Moyes. Alichokikuta: mabingwa, lakini mabeki Ferdinand, Vidić na Evra umri umekwenda, Giggs anakaribia arubaini, na David Gill aliyekuwa mtendaji mkuu kaondoka majira yaleyale na Ferguson. Alichoombwa: aendeleze. Alichopewa: mkataba wa miaka sita, mchezaji Fellaini, halafu Mata mwezi wa Januari. Alichokiacha: kafukuzwa Aprili 2014 hata msimu haujesha, timu ikamalizia ya saba. Ami hakuandika kama Moyes ni mbaya au mzuri. Kaandika hivyo tu, na wewe unakaa na kahawa yako unatazama.

Nimeutazama ubao ule miaka. Siku moja nikaacha kusoma kwa mstari, nikasoma safu ya pili kutoka juu kwenda chini, na nikahisi baridi. Moyes, aendeleze. Van Gaal, afundishe timu kumiliki mpira. Mourinho, makombe haraka. Solskjær, arejeshe furaha ya nyumbani. Rangnick, ashike usukani miezi michache. Ten Hag, nidhamu na mpira wa Ajax alikotoka. Hakuna wawili walioombwa kitu kimoja. Kila akifukuzwa mmoja, klabu inatafuta aliye kinyume chake, na wachezaji walionunuliwa kwa ajili ya yule wa mwanzo wanabaki palepale. Oktoba 2024 mle ndani alikuwemo Luke Shaw aliyekuja wakati wa Van Gaal, Lindelöf na Dalot wa Mourinho, Maguire na Bruno wa Solskjær, Casemiro na Antony wa Ten Hag. Hiyo ni kofia iliyodariziwa na mikono minne, kila mkono na ua lake. Huwezi kumlaumu anayekuja wa tano kwa kuwa maua hayalingani.

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2024 nilikuwepo. West Ham ugenini, mechi saa 11 jioni. Kipindi cha kwanza Dalot kampita kipa, goli tupu mbele yake, akapaisha juu. Banda zima lilisimama, na hakuna aliyepiga kelele. Palikuwa na kimya kile cha watu wanaojua kinachokuja. Maghribi ilipoadhiniwa Ami alifunga televisheni, kama desturi, tukateremka msikitini, na tuliporejea bado ilikuwa sare tasa. Summerville wa West Ham akafunga, Casemiro akasawazisha, tukapumua. Halafu dakika ya 90 na ushei VAR, marefa wa video, ikawapa West Ham penalti, Bowen akaitia. Mbili kwa moja. United ya 14 baada ya mechi tisa. Mzee mmoja anayekaa karibu yangu, mshabiki tangu enzi za redio, alivaa viatu vyake polepole akaenda bila ya kutuaga. Siku ya pili, Jumatatu, Ten Hag kafukuzwa. Miezi mitano nyuma alikuwa kaifunga Manchester City fainali ya Kombe la FA, na Julai walimuongezea mkataba.

Usiku wa Jumatatu ile hapakuwa na mechi tuliyoijia, na banda lilijaa hadi nje. Hapo ndipo utaona huduma ya Ami ilivyo. Ana sharti moja: anayetaja jina la kocha asimame, na ajibu. Wachezaji gani waliopo wanamfaa? Nani lazima aondoke? Akifungwa mechi tatu mfululizo atabadilisha nini? Ukishindwa kujibu unakaa, na jina lako haliandikwi hata kwa chaki ya kufutwa.

Kijana mmoja alisimama na Zidane. Alipoulizwa anacheza mfumo gani alisema makombe matatu ya Ulaya. Ami akamwambia, "Hilo ni alichokiacha kwengine, mwanangu. Sisi twauliza atafanya nini hapa." Akakaa. Mwengine alimtaja Southgate, akajibu vizuri kuliko nilivyotegemea: anajua kuishi na wachezaji wenye majina, lakini mpira wake ni wa kujihami mno kwa klabu hii. Xavi alitajwa. Thomas Frank, wakati ule kocha wa Brentford, nilimsimamia mie. Nilisema Brentford haina pesa na kila mwaka inauza wachezaji wake bora, lakini inajua inataka kucheza vipi, na yeye kashacheza mabeki wanne na mabeki watatu kufuatana na watu alionao. Nilibanwa swali la tatu, kwamba hajapata kubeba uzito wa klabu kubwa, na sikuwa na jibu la kutosha. Ami aliandika jina lake, mbele yake akatia alama ya kuuliza.

Wengi walikuwa na Amorim, wakati ule kocha wa Sporting ya Lisbon, na nilifahamu kwa nini. Sporting ilikuwa haijabeba ligi ya Ureno kwa miaka 19, akaibeba 2021, akairejea 2024. Kijana, anasema na watu vizuri, ana msimamo. Nikasimama mara ya pili. Nikasema mtu huyu hamumleti peke yake, mnamleta na mabeki wake watatu na wale wawili wa pembeni wanaokimbia chaki kwa chaki, na hao hatuna. Mwampa nyumba ambayo milango yake haimtoshi. Walinisikiliza. Kura zikapigwa kwa mikono, Amorim akashinda, na siku chache baadaye klabu nayo ikamchukua yeye huyohuyo, katikati ya msimu.

Msimu ulikwisha United ya 15, pointi 42, mechi 18 za ligi imefungwa. Sikufurahi kuwa sawa. Nilikaa kiti changu nikatazama mistari ile na roho inaniuma, kwa kuwa Amorim hakudanganya mtu. Alikuja na mfumo uleule ambao kila mtu aliujua tangu Lisbon. Waliomchagua ndio ambao hawakuuliza maswali matatu ya Ami, au waliyauliza na majibu hawakuyajali.

Kasoro za banda zipo, na nitazisema. Umeme ukikatika, genereta linachukua muda kuwaka. Usiku wa fainali ya Ligi ya Europa, United na Tottenham mjini Bilbao, Mei 2025, tulikatikiwa muda mdogo kabla ya mapumziko. Taa ziliporudi Brennan Johnson keshafunga na bao lenyewe hatukuliona. Ami alirejesha nusu ya kiingilio kwa kila mmoja bila ya kuombwa, lakini pesa si bao. Genereta lile libadilishwe. Mara mbili pia king'amuzi kimekata matangazo kwa sababu ya malipo kuisha, na hilo kwa banda la mpira halina udhuru.

La pili ni wanawake na watoto wa kike. Binti yangu yuko sekondari na anaifuatilia United kuliko vijana wengi wa humo ndani. Muda mrefu hakuwa na pa kukaa. Nilimwambia Ami, akaweka benchi kwenye baraza ya ubavuni, dirisha limefunguliwa, Jumamosi alasiri. Ni mwanzo mzuri ila pembe ile televisheni inang'ara jua, na benchi moja halitoshi, kwani sasa wanakuja saba.

Na ujue siku nyengine utakuta pamefungwa. Januari 13, 2025, Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, walipocheza fainali ya Kombe la Mapinduzi uwanja wa Gombani na Burkina Faso, Ami aliandika kwa chaki mlangoni: "Tumekwenda Gombani." Tulishinda mbili kwa moja, na mlango haukufunguliwa hadi kesho yake.

Ukija, njoo baada ya alasiri kabla mabenchi hayajajaa, na ulete sarafu ndogondogo kwa ajili ya kahawa. Chini ya Amorim palibaki mstari mmoja mtupu. Hata kabla hajafukuzwa, Januari 2026, vijana walishaanza kuutaka, kila mmoja na jina lake mdomoni. Nilimwambia Ami safari hii, mstari ule ukija kujazwa, tuanze na safu ya alichoombwa, tuijadili mpaka tukubaliane timu hii icheze vipi, na jina liandikwe mwisho. Akakubali. Tukapanga kukaa Jumamosi baada ya isha, na nikamuomba Ami, binti yangu naye apewe zamu ya kusimama.