Faragha ya WhatsApp: kufuli ni imara, madirisha yako wazi

Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefumbwa, na ni vifaa vya mtumaji na vya mpokeaji tu vinavyoweza kuufumbua. Kwa hilo inastahili sifa zote. Shida iko pembeni. Picha yako ya wasifu, na ruhusa ya kukuingiza kwenye makundi, vyote huja vikiwa wazi kwa kila mtu. Tapeli akipata namba yako, anaichukua picha hiyo, anaibandika kwenye laini nyingine na kuwaomba ndugu zako pesa. Ingia Mipangilio, kisha Faragha, uviachie watu uliowahifadhi tu. Hata dakika mbili hazifiki, na ilipaswa kuja hivyo tangu mwanzo.

Kinachotia wasiwasi zaidi ni nakala ya mazungumzo inayotunzwa mtandaoni, kwenye Google Drive au iCloud. Ile kufuli haifiki huko mpaka uiwashe mwenyewe, kwenye sehemu ya mazungumzo ndani ya Mipangilio, palipo na hiyo nakala. Unaweza kuchagua nenosiri au ufunguo wa tarakimu 64. Ukichagua ufunguo, uandike kwenye karatasi. Ufunguo huo ukipotea pamoja na simu, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukurudishia mazungumzo yako.

Weka pia PIN ya tarakimu 6 ya uthibitishaji wa hatua mbili. Wezi wa akaunti hupenda kujifanya rafiki yako (mara nyingi kwa akaunti ya rafiki huyo waliyokwisha kuiiba) na kukuomba msimbo wa kuthibitisha ulioingia kwa SMS. Bila PIN, msimbo huo peke yake unatosha kukutoa kwenye akaunti yako.

Halafu kuna vifaa vilivyounganishwa. Aliyeishika simu yako kwa muda mfupi, na anajua namba ya kuifungulia, anaweza kuunganisha kompyuta yake na kukusoma kimyakimya. Pitia orodha hiyo mara kwa mara. Kifaa usichokijua, kitoe hapo hapo.

Picha za kutazamwa mara moja zisikupe moyo sana, kwa kuwa simu ya pili inaweza kuipiga picha skrini bila kizuizi. Na ukituma picha kama faili badala ya kuituma kama picha, taarifa zake zote husafiri nayo, pamoja na mahali ilipopigwa ikiwa kamera imeruhusiwa kupaandika. Ruhusa hiyo izime kwenye kamera yenyewe.