Duka la pembejeo nyuma ya soko, Busia: mbegu safi, mizani uichunge

Milioni yangu ya mkopo wa PDM, mpango wa serikali ya Uganda wa kuendeleza parishi, ilipoingia mwezi wa pili, kila jirani alikuwa na ushauri, na mwingi ulihusu nguruwe. Mimi nikapanda boda hadi mjini kutafuta mbegu ya mahindi. Msimu uliopita duka jingine liliniuzia pakiti ya kupendeza. Katika kila mashimo kumi yakaota manne.

Kilichonivuta hapa ni trei ya mchanga pale kaunta. Kila mzigo mpya ukifika, kijana anapanda punje mia moja na kuandika tarehe pembeni kwa kalamu nene. Tulihesabu pamoja: zilizoota zilikuwa tisini na mbili. Pakiti zake zina lebo ya buluu ya ukaguzi wa serikali, lakini mimi niliamini mchanga.

Nilitaka haibridi. Akaniuliza, "Mama, msimu ujao utakuwa na pesa ya kununua tena?" Nikanyamaza. Haibridi ukirudia mbegu yake mavuno yanashuka, ila Longe 5, mbegu isiyo haibridi iliyotolewa na watafiti wetu wa kituo cha kilimo cha Namulonge, unaweza kuchagua mahindi mazuri ukaweka mbegu. Nikachukua kilo kumi za Longe 5, zinatosha ekari moja.

Tangu 2022 serikali inatoa shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na kaya inakopa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Pesa nimeiona, sikatai. Bwana shamba ndiye simwoni, labda siku ya mkutano, tena amekaa meza ya wageni. Maswali yangu yote ya shamba yamejibiwa na huyu kijana, bure.

Sasa mbolea. DAP, ile ya kupandia, anapima kwa kilo kutoka gunia lililofunguliwa, na hii yangu ilishaanza kushikana mabonge kwa unyevu. Nililipia kilo ishirini. Nyumbani, kwenye mizani ya kahawa ya shemeji, zikawa kumi na nane na nusu. Niliporudi alinijazia bila ubishi, lakini nauli ya boda ilikuwa juu yangu. Kama mnaweza, changeni wawili mnunue gunia la kilo hamsini likiwa bado limeshonwa, mgawane wenyewe.

Mahindi yamefika magotini. Jumamosi narudi kuchukua yurea, mbolea ya kukuzia, na mizani ya shemeji naibeba.